Breketi ya Injini kwa Boti Kuukuu ya Faiba: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Kabla hujatoa hela yoyote ya breketi, yaani kishikizo kinachobeba injini nyuma ya boti badala ya kuifunga kwenye ubao wenyewe, shika bisibisi kwa upande wa chuma na ugonge ubao wa tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti, kwa mpini wake, kona hadi kona. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu na kali. Uliooza hutoa mlio mzito, uliofifia, kama unagonga boksi lililolowa. Boti nyingi za zamani za faiba zina plaiwudi ndani ya ukuta huo wa nyuma, na maji huipata kupitia matundu ya bolti ambayo mtu aliyaziba ovyo miaka mingi iliyopita. Ukibaki na shaka, toboa tundu dogo kutoka ndani ya boti, sehemu ya chini. Keekee ikitoa unga mkavu, endelea kusoma. Ikitoa tope jeusi, hela ya breketi iende kwanza kwenye plaiwudi mpya na resini. Breketi haiponyi ubao uliooza, inaumalizia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Injini ya kilo 200 iliyokaa sentimita 75 nyuma ya ubao inazivuta bolti za juu usiku na mchana, hata boti ikiwa imetia nanga. Ukiongeza mafuta, propela inasukuma mbele kutoka chini, na msukumo huo nao unaishia kuzivuta bolti zilezile za juu. Kisha boti inaruka wimbi na kutua. Zaidi ya hayo, boti hizi nyingi ziliundwa enzi za injini za stroki mbili, na stroki nne ya nguvu ileile kwa kawaida ni nzito zaidi. Kwa hiyo chagua breketi kwa kuangalia kilo, wala usidanganywe na nguvu za farasi.

Kwa boti ya mita 6 hadi 8 yenye injini moja, mimi ningezipanga hivi.

Namba moja ni breketi ya alumini yenye boksi la hewa lililofungwa. Boksi hilo ndilo unalolipia. Likizama sentimita 25, likiwa na upana wa mita 1 na urefu wa sentimita 60 kwenda nyuma, linasukuma kando lita 150 za maji, yaani linabeba takriban kilo 150 boti ikiwa imesimama. Tezi haizami sana wakati unavuta nyavu. Faida nyingine: ule mkato wa katikati ya ubao uliowekwa kwa ajili ya injini, ambapo wimbi la nyuma hupenda kuingilia, unaweza kuuziba kabisa. Ila boti ikishika mwendo, boksi linatoka majini na mzigo wote unarudi kwenye ubao, kwa hiyo usiambiwe kwamba boksi linaondoa haja ya ubao imara. Dai alumini ya daraja la baharini, kama 5083 au 5086, na usinunue boksi lisilo na kizibo cha kutolea maji. Ufa wa kuchomelea usiouona unaweza kukujazia ndoo kadhaa za maji nyuma, nawe ukalaumu mzigo wa samaki.

Namba mbili ni jeki, ile sahani ya kupandisha na kushusha injini. Inaisogeza nyuma sentimita 10 hadi 30 tu, kwa hiyo haiutesi ubao kama breketi kamili. Kwa mvuvi wa maji ya kina kifupi mwenye ubao mzima, huenda hii ikawa bora kuliko namba moja. Chukua ya kukaza kwa spana. Ya haidroli ni tamu lakini inakuongezea pampu, mipira na nyaya za kuliwa na chumvi.

Namba tatu ni mkia wa faiba unaojengwa na fundi na kuunganishwa na bodi ya boti. Ukijengwa vizuri unaishinda hata namba moja. Nimeushusha kwa sababu huwezi kuukagua: kiungo kikishafunikwa jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, kazi nzuri na kazi mbaya zinafanana.

Namba ya mwisho ni fremu wazi isiyo na boksi. Ni nyepesi na rahisi, na kwa injini ndogo haina neno. Kwa injini nzito kwenye boti kuukuu, achana nayo. Kibreketi cha springi cha injini ya akiba ni kitu kingine kabisa. Angalia tu kilo kilichoandikiwa, na usikibebeshe stroki nne kama kilitengenezwa kwa stroki mbili.

Kuna jaribio lisilohitaji fundi. Jaza madumu ya lita 20 kwa maji, uyapange nyuma kabisa boti ikiwa majini. Yaanze kuwa sawa na ongezeko lote la uzito, yaani tofauti ya injini mpya na ya zamani pamoja na breketi. Kisha ongeza theluthi moja ya uzito wa injini mpya, maana itakaa nyuma zaidi ya madumu. Yaache usiku kucha. Matundu ya kutolea maji ya sitaha yakizama, boti yako haitaki breketi hiyo, au betri na tangi vihamie mbele kwanza.

Siku ya kufunga, tumia bolti za stenlesi 316 zinazopita hadi ndani, zikipokelewa na sahani pana ya alumini badala ya washa peke yake. Paka kila tundu resini kabla ya gundi ya baharini. Usipake breketi rangi ya chini yenye shaba, kwani shaba hula alumini, na fungia anodi, kile kipande cha chuma kinacholiwa badala ya breketi. Injini ipande takriban sentimita 2 hadi 3 kwa kila sentimita 30 ilizosogea nyuma, kwa sababu maji yanayotoka chini ya boti huinuka kidogo. Hapo ndipo wengi hugundua wamenunua injini ya mguu (urefu wa kushuka majini) usiofaa, kwa hiyo pima kabla ya kuagiza: sentimita 38, 51 au 63.

Baada ya safari ya kwanza yenye mawimbi, fungua kizibo cha boksi uone kama kuna maji, kisha urudie kukaza nati zote.