"Mama, mlete baba tumweleze"

Sikupanga kuandika, lakini kila nikiikumbuka ile kauli napandwa upya. "Mama, haya mambo ya injini mlete baba tumweleze." Baba yupi? Hii Corolla 110 nimeinunua mwenyewe, naiendesha mwenyewe, na madoa ya oili pale uani nimeyasugua mwenyewe kwa mafuta ya taa na sabuni ya unga mpaka kucha zimekwisha.

Ilikuwa inadondosha pale injini inapoungana na gia boksi. Ukikaa kwenye foleni, harufu ya kuungua inaingia mpaka ndani. Jirani akanielekeza gereji moja ya Tabata, eti mabingwa wa Toyota. Fundi mkuu akachungulia chini, tochi hata hakuwasha, akainuka anajifuta mikono: oili sili ya nyuma ya krenki, ile raba inayozuia oili isivuje pale injini inapokutana na gia boksi, imekufa, gia boksi inashuka, laki tatu na nusu, spea mbali.

Nikamuuliza kwa adabu kabisa: mbona plagi mbili zilitoka zimelowa oili? Sili ya krenki iko chini huko, oili imepandaje mpaka kwenye plagi? Ndipo akanipa hiyo ya baba. Gereji nzima ikaangua kicheko, kasoro kijana mmoja aliyekuwa anaosha vyuma kwenye beseni.

Na huyo kijana ndiye ananiharibia hasira zangu. Bosi alipoenda kula, akanifuata. "Dada, usishushe gia boksi kwanza." Injini ilikuwa imeshapoa. Akaifuta nyuma kwa petroli na brashi, akaacha ikauke vizuri, akapuliza poda ya mtoto, tukazunguka mtaa kama robo saa. Kufungua boneti, mstari mweusi umechora ile poda kutoka kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, umeteremka mgongoni mwa injini mpaka kwenye gia boksi. Sili haihusiki hata kidogo!

Akafungua hiyo kava. Gasketi yake ya zamani, ule mpira wa kuziba ukingoni, ilitoka ngumu, ukiikunja inakatika kama biskuti. Juu yake kulikuwa na silikoni ya mafundi waliopita, imepakwa kama siagi kwenye mkate. Kisha akachomoa valvu ya PCV, ile injini inayopumulia, akaitikisa karibu na sikio langu. Kimya. "Nzima inalia, dada. Hii imeziba, hewa ya ndani haina pa kutokea, inasukuma oili." Ina maana ningefunga gasketi mpya na kuiacha hiyo valvu, ningerudi palepale.

Gasketi, raba za plagi (zile zinazozuia oili isiingie kwenye plagi) na valvu nilifuata Kariakoo, hata laki haikufika. Ufundi 20,000. Na pesa nani akaipokea? Bosi! Anatabasamu: "Si nilikwambia mama, tutakutengenezea."

Kwa hiyo msiende. Yaani, nendeni, ila muda wa chakula cha mchana, na mumtafute yule asiyecheka. Hapana, bora msiende kabisa, maana bosi akigundua atamfukuza. Mimi mwenyewe nitarudi, breki zimeanza kulia.

Usiku natandika boksi chini ya gari. Asubuhi hii nimekuta tone moja. Nimeligusa: maji ya AC.