Stendi ya kamera Manfrotto 055 na kichwa cha tufe, pwani na mlimani: uzoefu wangu baada ya misimu mitatu ya kusi

Siku niliyoamua kubadilisha stendi ya kamera nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri kwenda Mwambani, Tanga, kupiga ngalawa zikitoka. Kusi lilikuwa limeshaanza. Nilipiga picha 43, na kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera zote zilionekana safi. Nilipozifungua nyumbani kwenye kompyuta, 39 zilikuwa zimetikisika. Mlingoti mmoja umekuwa miwili, na uso wa nahodha niliyemfuata kwa lenzi ndefu hautambuliki. Kamera ilikuwa Nikon D750, lenzi 70-200, vyote viwili vizuri. Kilichoniangusha ni kile vilichokalia.

Stendi hiyo niliinunua Kariakoo kwa shilingi 85,000, na boksi lake lilisema inabeba kilo 5. Kamera na lenzi yangu havifiki hata kilo 2 na nusu, nikaona nimejiwekea nafasi ya kutosha. Kubeba ilibeba, wala haikuanguka. Ila kubeba ni jambo moja na kutuliza ni jambo jingine. Ukipiga kwa nusu sekunde na lenzi ya milimita 200, mtetemo mdogo kabisa wa miguu unajichora kwenye picha. Tangu hapo namba ya kilo kwenye boksi naitazama kwa tahadhari kubwa, maana kila kampuni inaipima kwa njia yake. Mimi natafuta stendi iliyoandikiwa angalau mara tatu ya uzito wa vifaa vyangu, halafu bado naijaribu kwa mikono.

Namna ya kuijaribu haina ugumu. Nenda dukani na kamera yako na lenzi yako nzito kuliko zote. Refusha miguu yote, funga kamera, washa picha ya moja kwa moja kwenye kioo, kisha kuza hadi mwisho. Gonga mguu mmoja kwa kidole na uhesabu sekunde hadi picha itulie. Baada ya hapo shika juu kwa viganja viwili, ukandamize na kujaribu kuizungusha, kama mtu anayekamua nguo. Stendi dhaifu utaisikia inajipinda. Muuzaji akikukatalia kufanya hivyo, tafuta duka jingine.

Nilinunua Manfrotto 055 ya aluminiamu, ile ya vipande vitatu, kutoka kwa mpiga picha wa Dar es Salaam aliyekuwa anahamia kwenye stendi ya kaboni. Aliniachia kwa shilingi 420,000. Ina uzito wa kilo 2.5, na ikifungwa inabaki na urefu wa sentimita 61. Namba iliyonivutia zaidi ilikuwa 140, yaani sentimita ambazo miguu inafika bila kuinua nguzo ya kati, lile bomba linalopanda katikati ya miguu. Ukiongeza kichwa na kamera, jicho langu linafika sawasawa kwenye kitundu cha kutazamia, nami nina urefu wa sentimita 170. Ukiinua nguzo inafika 170, lakini siinui ila pale pasipo na namna. Watu wengi wanaponunua wanasoma urefu wa juu kabisa, kumbe urefu huo umepatikana kwa kuinua nguzo. Nguzo ikishainuliwa, miguu mitatu iliyokuwa imesimama kama mafiga unaiwekea kijiti kimoja juu yake, na upepo unakitafuta hicho hicho kijiti.

Kitu kingine ninachokipenda ni klipu za miguu, yaani vibano vinavyofunga vipande vya mguu ukisharefusha. Huku kwetu karibu na Ikweta jua halikawii. Giza linapoanza kufifia, ule mwanga wa buluu unaotafutwa na kila mpiga picha unapita upesi, na mtu anayehangaika na miguu ya stendi unamkuta bado ameinama. Klipu zinafunguka kwa mkono mmoja, na hata gizani zikigota unajua zimefunga. Wapo wanaopenda miguu ya kuzungusha, na wana hoja yao, kwa kuwa haina vijisehemu vinavyojitokeza na kunasa kamba au majani. Mimi nimezoea klipu. Zikilegea kwa matumizi, kuna skrubu ya kuzikaza kwa spana ndogo ya L kama waliyonayo mafundi baiskeli. Ninayo moja mfukoni mwa mkoba siku zote.

Kwenye kichwa, yaani kile kiungo cha juu kinachoshika kamera na kuigeuza, ndiko nilikokosea mara ya pili. Baada ya kulipia miguu nilitaka kubana matumizi, nikafunga kichwa kidogo cha tufe, kinachogeuka kwa mpira mmoja unaokazwa kwa nobu, cha bei ya chini. Kampuni yake siitaji. Wiki ya kwanza tu nikakiona kilema chake. Nalenga, napanga mstari wa upeo wa bahari sehemu ya juu ya picha, nakaza nobu kwa nguvu, naachia mkono, na ule mstari unapanda taratibu kwa kuwa pua ya lenzi inainama. Ukitazama kwa lenzi pana huoni kitu. Kwa lenzi ya 200, jahazi ulilolipanga sehemu ya chini ya picha linapanda kuelekea katikati. Nikawa nalenga juu kidogo ya ninapopataka ili kikiteremka kifike mahali pake, na kazi ya namna hiyo inachosha na haina uhakika. Kwa picha za sekunde 20 ilikuwa mbaya zaidi, maana kichwa kiliendelea kuteremka wakati shata, ule mlango wa kamera unaopitisha mwanga, iko wazi.

Nusu ya tatizo ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikuwa nafunga stendi kwenye tumbo la kamera wakati lenzi ya 70-200 ina pete yake yenye mguu. Ukifunga kwenye mguu wa lenzi, uzito unagawanyika mbele na nyuma na kichwa kinapumzika. Kama lenzi yako ina pete hiyo, itumie kabla hujalaumu kifaa. Nusu ya pili ya tatizo ilikuwa udogo wa tufe lenyewe, na hilo halikuwa na dawa.

Sasa natumia Sirui K-30X. Tufe lake lina kipenyo cha milimita 44, na kichwa kizima kina uzito wa kama nusu kilo. Ninapokaza, ninachokiona ndicho kinachobaki. Ugumu wake unarekebishika, hivyo hata nikilegeza nobu kwa kusahau, kamera inashuka polepole na mkono unawahi. Kwa anayenunua tufe, hapo ndipo pa kuangalia kwa makini: uwezo wa kuweka ugumu, na kitako kinachozunguka peke yake bila kulegeza tufe. Bila kitako hicho ni vigumu kuunganisha picha za mandhari pana, kwa sababu kila ukigeuza upeo unalala upande.

Kichwa kinashika kamera kwa pleti, kibao kidogo kinachofungwa chini ya kamera, ya mfumo wa Arca, ambao kampuni nyingi zinaufuata. Hii ina faida kubwa kwetu, kwa sababu pleti ikipotea, ya kampuni nyingine kwa kawaida inaingia kwenye kibano kile kile. Kampuni kadhaa zina pleti za mfumo wao peke yao, na mtu akiipoteza Tanga anaweza kusubiri wiki nyingi. Ukipiga sana picha za wima, kamera ikiwa imelazwa ubavu, tafuta pleti yenye umbo la L. Kamera inabaki juu kabisa ya stendi badala ya kuning'inia ubavuni, na skrubu haijizungushi kwa uzito.

Kuna vichwa vya mikono mitatu pia, na kwa majengo ni vizuri kuliko tufe, maana unarekebisha upande mmoja bila kugusa mwingine. Magofu ya Tongoni ningeyapiga kwa hicho. Lakini kukibeba ni taabu, mikono inachoma mgongo.

Nirudi pwani, maana pwani ndiyo inayoua stendi. Somo la kwanza alinipa mzee mmoja mvuvi pale Mwambani. Nilikuwa nimesimamisha stendi kwenye mchanga wa maji, kila wimbi likirudi picha inahama. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama kidogo kisha akasema, "Mwanangu, mti wa pwani hauwekwi, huchimbiwa." Akaushika mguu mmoja, akauzungusha huku akiukandamiza mpaka ukazama kama shibiri na kugoma. Tukafanya hivyo na miguu mingine miwili. Wimbi linaporudi huwa linakokota mchanga ulio chini ya mguu, na mguu uliowekwa juu juu unazama wakati shata iko wazi. Ukishauzamisha hadi unagoma, wimbi la kawaida halina la kufanya.

Ila mguu ukizama hivyo, klipu ya chini isizame nao. Ninaporefusha miguu kwa ajili ya majini, naanza na kipande cha chini kabisa, ili kiungo kibaki juu ya maji na mchanga. Mlimani ninafanya kinyume, naanza na vipande vinene vya juu kwa sababu vina nguvu zaidi.

Nilijifunza na kunawisha stendi kwa gharama. Siku moja Ushongo mvua ilinikuta, nikafunga miguu ikiwa na mchanga, nikaitupa kwenye boda na kuisahau siku tatu. Nilipoifungua ilisaga meno. Kwenye skrubu za klipu kulikuwa na unga mweupe, chumvi imeshaanza kula aluminiamu. Ilibidi nifungue vipande vya chini vyote, nisugue kwa mswaki wa zamani na maji baridi, nikaushe kwa kanga kuukuu. Mikwaruzo ya siku ile bado iko. Sasa nikirudi tu, kabla hata ya chai, narefusha miguu yote, naimwagia maji ya bomba kuanzia juu, naifuta, naiacha kivulini wazi mpaka asubuhi. Mafuta sipaki, yanashika mchanga.

Maji yakikupwa sana wakati wa bamvua, miguu ya 055 inatandazwa mpaka kamera inabaki chini karibu na mwamba, na nguzo ya kati inalazwa ubavu. Hapo unapiga viti vya pweza na kaa kwenye vidimbwi bila kulala kifudifudi kwenye matumbawe. Kwa kazi hiyo peke yake ningeinunua tena.

Mlimani ndiko inakonichosha. Miguu na kichwa ni kilo 3, na kutoka Lushoto mjini hadi Irente ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, bega linajua. Ukingoni mwa Irente upepo unapanda kutoka bonde la Mazinde, hivyo uzito ule ule uliokuchosha njiani unakusaidia ukifika. Nafunga mkoba kwa kamba chini ya kiungo cha miguu, ila nauacha uguse ardhi. Mkoba unaoning'inia hewani unapepea na kuitikisa stendi badala ya kuituliza. Nazima pia kitulizaji cha lenzi, kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono, na D750 naiwekea ucheleweshaji wa sekunde 3 ili kioo cha ndani kitulie kwanza.

Kama unapiga wanyama Serengeti au Mikumi, usihangaike na haya yote. Huruhusiwi kushuka ovyo kwenye gari, na ndani ya gari miguu mitatu haina pa kusimama. Chukua mfuko wa nguo uliojazwa maharage au mchele, uuweke dirishani, na uhakikishe dereva amezima injini.

Kaboni naitamani kwa ajili ya milima ya Usambara. Ni nyepesi, mtetemo unakufa haraka, na asubuhi za Magamba haigandishi vidole kama aluminiamu. Bei yake mara nyingi ni maradufu, kwa hiyo ninaweka akiba kidogo kidogo. Ya aluminiamu itabaki kuwa ya pwani. Bamvua lililopita nilirudi Mwambani, alfajiri, kusi likivuma, lenzi ile ile, nusu sekunde ile ile. Nilipiga picha 40. Zilizotikisika zilikuwa 3, zote kwa wimbi moja kubwa lililonifika magotini.