Seti ya mbao ya makumi na mamoja: baada ya mihula miwili darasani

Nafundisha Hisabati Darasa la Pili huku Uyole, Mbeya, watoto 64 chumba kimoja. Miaka yote nimetumia vizibo vya soda na vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa raba. Januari nikanunua seti ya mbao kwa muuzaji wa vifaa vya shule mjini: mamoja 100 ya sentimita moja kila upande, fito 20 za makumi na vibao vitano vya mamia. Shilingi 45,000, za mfukoni mwangu.

Nilichoipendea ni kutoa kwa kukopa. Ukiwapa 42 toa 17, nusu ya darasa walikuwa wanaandika 35. Wanaona 2 haitoi 7, basi wanageuza: 7 toa 2. Nimelisahihisha kosa hilo mpaka nimechoka. Siku ya kwanza ya mbao nilimwita mtoto mmoja mbele, nikampa fito nne na mamoja mawili, nikamwambia anipe kumi na saba. Akatoa ufito mmoja. Akatoa yale mamoja mawili. Akabaki ameshika ufito mwingine, anaugeuzageuza, kisha akasema, "Mwalimu, huu hauvunjiki. Naomba chenji."

Darasa zima likaelewa. Watoto wa wauza viazi wanaijua chenji kabla hawajajua kuandika. Tangu siku hiyo nimeacha kusema "kukopa", maana anayekopa hurudisha, na hapa hakuna kinachorudishwa. Vijiti unafungua raba tu. Ufito unamlazimisha mtoto abadilishe.

Kasoro yake ni ukataji. Vipande hivi, vilivyoenezwa na mwanahisabati Zoltán Dienes, mzaliwa wa Hungaria, vinategemea vipimo: mamoja kumi lazima yalingane na ufito. Baadhi ya yangu yamezidi nusu milimita hivi. Kwa kimoja huoni, kwa kumi ni nusu sentimita. Binti mmoja alinibishia kwamba ufito ni tisa na kidogo, na kwa mbao alizoshika alikuwa na haki. Muuzaji akasema ni unyevu wa mvua, hakunibadilishia. Nilikaa jioni mbili na msasa.

Tena seti moja haitoshi. Kundi moja linashika mbao, mengine yanaendelea na vijiti, tunapokezana. Fundi seremala wa jirani sasa ananikatia fito nyingine 40 kwa mabaki ya paini.

Ningenunua tena, ila palepale dukani ningepanga mamoja kumi kando ya ufito kabla sijalipa.