Huduma ya kufunga kiyoyozi Mbezi Beach: walipiga vakyumu, wakapima gesi kwa mizani

Kampuni ndogo iliyonifungia kiyoyozi cha BTU 12,000 mwezi Februari ilinitoza shilingi 180,000, bei iliyo juu ya ile niliyotajiwa na mafundi waliopendekezwa na duka nililonunulia mashine. Tofauti hiyo haitokani na kutundika mashine ukutani, kazi ambayo karibu kila fundi anaiweza, bali inatokana na muda ambao mwenye nyumba huona kana kwamba hakuna kinachofanyika: muda wa kupiga vakyumu, yaani kuvuta kwa pampu hewa na unyevu vilivyomo ndani ya bomba za shaba kabla gesi haijaruhusiwa kupita.

Njia ya mkato iliyozoeleka ni kulegeza nati, kufungua kidogo vali ya mashine ya nje na kuiacha gesi ya kiwandani, ile inayokuja tayari ndani ya mashine hiyo, iisukume hewa kwa sekunde chache. Sehemu kubwa ya hewa hutoka kweli, lakini unyevu ulioshika kuta za ndani za bomba hubaki, na katika mji wa pwani kama Dar es Salaam unyevu huo si haba. Maji hayo hukutana na oili ya kompresa, mtambo unaoisukuma gesi, na hatimaye huzaa asidi, ilhali hewa iliyosalia hupandisha presha na kuifanya kompresa ile umeme zaidi ya inavyostahili. Siku ya kwanza chumba hupoa vizuri, ndiyo maana mteja hana namna ya kugundua; kompresa inapokufa baada ya miaka michache, lawama zote hupewa umeme wa mtaani. Mashine yangu hutumia R32, gesi ambayo ikikutana na moto huweza kuwaka, ingawa si kwa wepesi, kwa hiyo kuimwaga ovyo barazani si suala la hasara pekee.

Mafundi wawili waliofika walianza kwa kupima uvujaji wa bomba kwa naitrojeni. Waliijaza mpaka presha ya bar 35, wakapaka povu la sabuni kwenye kila nati, na nati moja nyuma ya mashine ya ndani ikatoa vipovu. Fundi mkuu hakuikaza kwa nguvu zaidi, kama nilivyotarajia, bali alikata ncha ya bomba, akaupanua mdomo wake upya na kukaza kwa spana yenye kipimo. Hapo ndipo nilipoanza kuona thamani ya fedha yangu.

Kisha wakaunganisha pampu pamoja na geji ya kidijitali inayosoma mikroni, kipimo cha presha ndogo sana. Geji ya kawaida ya mshale haifai kwa kazi hii, kwa sababu hugota kwenye alama yake ya chini mapema mno. Usawa wa bahari presha ya hewa ni mikroni 760,000, na lengo ni kushuka chini ya 500, kiwango ambacho maji hugeuka mvuke hata bila joto na kuvutwa nje. Geji yao ilikwama karibu na 1,500. Fundi alitazama kioo cha pampu, akakuta oili imekuwa nyeupe kama maziwa kwa kunywa unyevu wa kazi zilizotangulia, akaibadilisha, na baada ya hapo namba zikashuka mpaka 400. Nampongeza kwa kuelewa chanzo cha tatizo, ila oili safi ilipaswa kuwamo kwenye pampu tangu walipotoka ofisini.

Walifunga vali, wakazima pampu na kusubiri. Namba zilipanda hadi kama 600 zikatulia. Zingeendelea kupanda bila kukoma, ingekuwa dalili ya kuvuja, na zingetulia mahali pa juu zaidi, ingekuwa dalili ya unyevu uliosalia.

Kuhusu gesi, kibandiko cha mashine kilieleza kwamba ile ya kiwandani inatosha bomba la mita 7.5, na kila mita ya ziada huhitaji gramu 20. Bomba langu lina mita 9. Waliuweka mtungi juu ya mizani, wakaingiza gramu 30 bomba zikiwa bado katika vakyumu, ndipo wakafungua vali za mashine ya nje. Hakuna aliyekisia kwa kugusa bomba na kusema "imetosha", desturi inayoniudhi kuliko zote katika ufundi huu.

Walichelewa saa kadhaa bila kupiga simu, na bomba la kutolea maji walilipitisha karibu mlalo kabisa mpaka nilipoomba literemshwe. Risiti yao nayo iliandikwa "kufunga AC" tu, bila mikroni wala gramu, ilhali fundi atakayekuja miaka ijayo kutafuta uvujaji atahitaji kujua kiasi kilichomo. Nilipowaomba, waliandika namba hizo kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko wa mashine ya nje, bila kuongeza gharama.