Gereji ya kabureta pacha, Malindi: inafaa, ila nenda na vipuri vyako

Kwa mwenye MGB, gari la zamani la michezo la Uingereza, ya kabureta mbili (vichanganyio vya hewa na petroli) za aina ya SU, inayosita ukikanyaga mafuta ghafla, gereji hii ina fundi anayejua kazi. Hakimbilii skrubu za kurekebisha kabureta. Kwanza plagi, pointi (swichi ya cheche) na taimingi (wakati wa cheche), ndipo afungue vifuniko vya dashipoti, yaani vyumba vya oili vilivyo juu ya kabureta. Oili ikipungua humo, pistoni ya kabureta hupanda mbio, hewa inaizidi petroli, gari linasita. Anatia oili nyepesi ya SAE 20 hadi milimita 13 juu ya ncha ya mrija wa pistoni; wengi hujaza oili nzito ya injini, na hilo ni kosa.

Kilichonifurahisha zaidi ni usawazishaji. Analegeza klempu za shafti inayounganisha kabureta, anasikiliza mvumo wa hewa kwa mpira mwembamba, kushoto na kulia, mpaka zilingane. Kisha anainua pistoni ya kila moja kidogo tu, kama milimita 0.8: mzunguko wa injini ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi, injini ikitaka kuzima, imepungua.

Kasoro ni vipuri. Bushi (pete zinazoshika shafti ya vali ya hewa ndani ya kabureta) hawaweki, na zikilika hewa huvuja, injini haitulii gari likiwa limesimama hata urekebishe vipi. Agiza mapema.