Mabati ya geji 28 kwa kanisa lililoezuliwa: tunayakubali, kwa masharti

Upepo ukiezua kanisa kandokando ya Ziwa Victoria, iwe Igombe, Kayenze au Ukerewe, watu hawangoji kuitwa. Waumini, majirani wa msikitini na wavuvi huokota mabati yaliyotawanyika mashambani, na jioni hiyohiyo kila kaya inaahidi bati moja. Moyo huo ni mkubwa na unastahili paa litakalodumu. Tatizo ni hizo ahadi za bati mojamoja. Huyu analeta geji 30 (geji ni kipimo cha unene wa bati), yule geji 32, mwingine la mgongo mpana. Migongo hailaliani, panapopandana panabaki uwazi, na mvua ya kwanza ya vuli inawanyeshea mkiwa ibadani. Changeni fedha, mnunue mzigo mmoja.

Mzigo huo uwe geji 28. Namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 30 inatosha nyumba ya vyumba viwili vitatu, lakini kanisa ni ukumbi mpana usio na kuta za ndani, na mara nyingi madirisha bado hayana vioo. Upepo unaingia na kusukuma paa kutoka chini, huku ule unaopita juu ukilivuta. Dukani msiamini maandishi tu, pimeni unene kwa maikromita. Bati lisilofika hata mm 0.3 msililipie bei ya geji 28.

Kabla ya kununua chochote, yatazameni yale mliyookota. Matundu ya misumari yakiwa yamechanika, bati lilikuwa jembamba au misumari ilikuwa michache. Mabati yakianguka yakiwa bado yameshikana na papi (mbao yanakopigiliwa) na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), hapo bati halina kosa: kenchi hazikufungwa ukutani, na hata geji 28 itaruka vilevile. Nondo ya mm 8 itoke ndani ya lenta (mkanda wa zege ukutani), ipande na kukunjwa juu ya kenchi. Msumari wa inchi 4 peke yake hauzuii upepo wa ziwani.

Kanisa la mita 9 kwa 15, paa la pande mbili lenye mwinuko wa nyuzi 25 na ukingo wa sm 50 kila upande, linakula mabati 84 ya mita 3, ikiwa kila bati baada ya kupandana linafunika angalau sm 77 za upana; likifunika pungufu, hesabuni upya. Kwa hesabu hiyo agizeni 88, maana machache huharibika. Kofia za kilele cha paa zinahesabiwa kando. Papi zisiachane zaidi ya sm 90. Ubavuni bati lipande lenzake kwa mgongo mmoja na nusu, kwa urefu sm 15. Msumari uwe wa kusokotwa, wenye mpira, upigwe juu ya mgongo. Ukipigwa bondeni, maji yatapita hapohapo. Kingoni mwa paa pigeni kila mgongo wa pili. Fundi akibana matumizi hapo, msimamisheni.

Kasoro za geji 28 zipo: ni ghali kuliko geji 30 na ni nzito kubeba. Pia, kama mabati mengine, yakisafirishwa kwa boti na kulazwa yakiwa yameloa na kubanana, hutoka unga mweupe, dalili kwamba mpako wa zinki unaliwa. Yakifika yafuteni, yasimamisheni kwa mshazari na kuweka vijiti katikati.

Mabati yaliyookotwa yasirudi juu ya madhabahu, kwani matundu yake hayazibiki vizuri. Yaezekeeni jiko la akina mama wanaowapikia mafundi.

Ratiba nayo ifuate ziwa. Wavuvi wa dagaa wana fedha baada ya siku za giza, yaani zisizo na mbalamwezi, wanapovua kwa taa, basi harambee ipangwe wakati huo. Mbalamwezi ikitoka wako nchi kavu, na nguvu zao zinapatikana kwa kubeba mbao na kupandisha kenchi. Kuezeka kuanze alfajiri. Mchana upepo wa ziwani ukishika, bati la mita 3 mikononi mwa mtu aliye juu ya kenchi ni hatari, teremkeni.