Vitunguu vya maua vya mchanganyiko: vipi hurudi mwaka wa pili?

Pakiti za mchanganyiko wa tulipu, dafodili, krokasi na muskari huuzwa kwa ahadi kwamba maua yatarudi kila mwaka. Mwaka wa kwanza hutaona kasoro. Ukipanda majira ya majani kupukutika, krokasi zitafungua msimu wa maua baridi ikielekea ukingoni na tulipu zitaufunga. Ila hiyo ahadi ya kurudi, tulipu haiitimizi.

Dafodili ndiyo inayoibeba pakiti. Kitunguu chake huzaa vingine ubavuni, na kwa kuwa kina sumu, kindi hukiacha. Muskari husambaa hata bila kuangaliwa. Krokasi nayo hurudi vizuri, lakini kindi huifukua. Laza wavu wa waya juu ya udongo hadi ichipue.

Tulipu za humo kwa kawaida ni chotara za maua makubwa. Zikishachanua, kitunguu mama hufa na kuacha watoto. Mwaka wa pili, chimba pale palipotoka jani moja pana lisilo na shina: utakuta vijitunguu vitatu vinne, vidogo kama punje za kitunguu saumu, wala hakuna chenye akiba ya kutosha kutoa ua. Anayetaka tulipu za kudumu azinunue kando, aina ya Darwin Hybrid au za mwitu kama Tulipa tarda, na azipande penye jua, pasipotuama maji.

Kinachoudhi zaidi ni maelekezo yanayotoa kina kimoja kwa vyote. Kitunguu hufukiwa takriban mara 3 ya urefu wake: krokasi na muskari sentimita 8 hadi 10, dafodili 15, tulipu 15 hadi 20. Dafodili iliyopandwa juujuu hugawanyika upesi, vitunguu vikasongamana, ukabaki na majani matupu. Ikifikia hapo, ingoja majani yakauke, chimbua, tenganisha, panda upya.

Kabla ya kulipa, bonyeza kitako cha kitunguu kwa kidole gumba. Kikibonyea, kimeoza. Ganda la nje kubanduka si neno, na ukungu kidogo wa kijani juu ya ganda hufutika. Kwa tulipu angalia pia mzingo: sentimita 12 ni kitunguu kizuri.

Penye joto mwaka mzima, tulipu hupewa baridi ya friji kwa wiki 12 au zaidi, mbali na matunda, maana gesi ya matunda yanayoiva huua chipukizi la ua likiwa bado ndani.

Jambo ambalo lingefaa kuandikwa kwa herufi kubwa ni hili: ua likinyauka kata kichwa chake tu. Majani yaachwe angalau wiki 6, bila kufungwa mafundo, kwa sababu ndiyo yanayotengeneza chakula cha ua la mwaka ujao. Mbolea yenye potasiamu nyingi hufaa wakati huo, si baada ya majani kuwa ya manjano. Na kama manjano hayo yanakukera, panda vitunguu katikati ya hosta, mmea wa kudumu wa majani mapana: majani yake hufunguka wakati uleule na kuyafunika.